Lee-Enfield ya .303 ya kuweka na kupigia shabaha: No. 4 ya Long Branch au SMLE ya Ishapore?

Mwenge_Ohio

Wakuu, salaam.

Niko Ohio, nina green card. Natafuta bunduki moja ya zamani ya jeshi, iwe ya kuweka kwenye mkusanyiko na pia ya kupigia shabaha uwanjani, risasi 40 hadi 50 kwa mwezi. Nimeshaamua iwe Lee-Enfield ya .303. Ndiyo waliyoibeba askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kule Abyssinia na Burma, na Kenya hadi leo ukisema "Mark 4" kila mtu anajua unazungumzia nini.

Dukani ziko mbili, bei zinakaribiana:

Ya kwanza ni No. 4 Mk I* ya Long Branch, 1943. Namba ya risiva (fremu ya chuma inayobeba bolti) na ya bolti ni moja. Ndani ya mtutu kuna weusi lakini michirizi inaonekana vizuri. Kichwa cha bolti kimegongwa namba 3.

Ya pili ni SMLE (Short Magazine Lee-Enfield) No. 1 Mk III* ya Ishapore, India, 1943. Mtutu unang'aa, lakini bolti ina namba tofauti na ubao wa mbele una ufa upande wa nyuma, pale karibu na triga.

Muuzaji ana pia risasi 300 za jeshi za zamani, anaziuza kwa bei ya kutupa.

Naomba wenye uzoefu mniambie: ipi nichukue, nikague nini kabla ya kulipa, na hizo risasi ninunue au niziache? Nawasilisha.

---

FundiMitutu

Mkuu Mwenge, mtutu unaong'aa usikudanganye. Kwa maelezo yako mimi ningeegemea Long Branch, ila usilipe kabla haijapita ukaguzi. Nenda na tochi, geji za .303 (vipande vya chuma vya kupimia nafasi inapokaa risasi), kipande cha kitambaa na risasi moja ya bandia isiyo na baruti.

Anza na reli ya kichwa cha bolti. Hiyo nyota kwenye "Mk I*" maana yake ni kwamba kiwandani waliondoa kile kitufe cha kutolea bolti kilichoko kwenye Mk I ya kawaida, badala yake wakakata pengo dogo kwenye reli, upande wa mbele. Unasogeza bolti hadi kichwa chake kifike kwenye pengo, unakiinua, bolti inatoka. Rahisi na haraka kutengeneza, ndiyo maana Long Branch ya Kanada na Savage ya Marekani walifanya hivyo wakati wa vita. Ubaya wake ni kwamba kingo za lile pengo humeguka kwa miaka. Zikimeguka, kichwa cha bolti kinaruka nje ya reli ukiwa unavuta bolti kwa nguvu. Mulika pengo kwa tochi, pitisha ukucha. Kona zikiwa kali na zimenyooka, vizuri. Ukikuta kona imeliwa, vuta bolti nyuma kwa nguvu mara kumi hivi huku ukikisukuma kichwa kwenda juu kwa kidole gumba. Kikiruka hata mara moja, achana nayo, au bei ishuke sana.

Pili, kichwa cha bolti namba 3. No. 4 ina vichwa vya saizi 0, 1, 2 na 3, kila namba inayofuata ni ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Fundi wa jeshi alikuwa anabadilisha kichwa ili kurudisha nafasi iliyo kati ya uso wa bolti na mtutu iwe ndani ya kipimo. Namba 3 ndiyo ya mwisho. Haimaanishi bunduki imechakaa, nyingine zilitoka kiwandani hivyo, lakini inamaanisha huna tena pa kwenda. Ndiyo maana geji ni lazima. Kwa kipimo cha jeshi la Uingereza bolti ifunge kwenye geji ya inchi 0.064 na isifunge kwenye 0.074. Funga kwa vidole viwili tu, usisukume kwa kiganja. Geji ni chuma kigumu, ukiilazimisha unaharibu bolti na jibu unalopata ni la uongo.

Ukiwa na kichwa mkononi kifungue halafu kirudishe. Kinatakiwa kikaze pale ambapo kinalingana na mbavu ya bolti. Kikizidi kupita hapo kwa zaidi ya digrii 20, uzi wake wa skrubu umechakaa.

Kuhusu weusi wa mtutu: hizi bunduki zilipigwa kwa cordite (baruti ya zamani ya Waingereza) na fataki (vile vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti) zenye chumvi, kwa hiyo weusi ni kawaida kabisa. Cha kuangalia ni kingo za michirizi. Mtutu mweusi wenye kingo kali unapiga vizuri kuliko mtutu unaong'aa ambao kingo zake zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Angalia pia mdomo wa mtutu. Askari walisafisha kwa kamba, na kamba yenye mchanga ikipita upande mmoja miaka mingi inachimba mfereji mdomoni. Ingiza risasi bandia kwa ncha mdomoni: ikizama hadi ganda lenyewe liguse chuma, mdomo umeliwa. Ukihesabu michirizi ukakuta miwili tu, usishtuke. Long Branch na Savage walitengeneza mitutu ya michirizi miwili wakati wa vita ili kuokoa muda, na inapiga sawa na ya mitano.

Kisha vua kofia ya chuma ya mbele uangalie kama ubao na mtutu vinakaa inavyotakiwa. Kwenye No. 4 mtutu hauelei. Ubao unausukuma juu kidogo karibu na mdomo, kati ya pauni 2 na 7 (karibu kilo 1 hadi 3). Bana mtutu na ncha ya ubao kwa mkono, vitenganishe: vinatakiwa viachane kwa kukaza na virudi vyenyewe. Mtutu ukicheza bure, ubao umepinda au umechongwa, na risasi zitatawanyika hata kama mtutu ni mpya.

Sasa Ishapore. Huo ufa wa nyuma si wa kupuuza. Pale ndipo ubao unapokaa juu ya chuma na kupokea teke lote la bunduki, sehemu mbili ndogo, moja kila upande. Mbao ikikauka na kusinyaa, chuma kinaanza kugonga badala ya kusukuma, na ubao unapasuka. Ukiendelea kupiga, ufa unatembea. Unarekebishika: safisha mafuta kwa asetoni, ingiza gundi ya epoksi, pitisha kijiti cha shaba, halafu paweke viraka vya mbao ngumu vinavyokaa bila nafasi hata ya karatasi. Ni kazi ya siku mbili kwa fundi wa mbao mwenye subira. Lakini ukijumlisha na bolti isiyo yake, tayari una miradi miwili.

Na ukiinunua hiyo SMLE, tafadhali sana: usilegeze skrubu ndefu ya kitako kabla ya kuvua ubao wa mbele. Ncha yake ina umbo la mraba na imeshikwa na kibamba kilichoko nyuma ya ubao wa mbele. Ukiizungusha ubao ukiwa bado umefungwa, ile ncha inapasua mbao kutoka ndani. Nyufa nyingi za SMLE zilizoko sokoni zimetokana na bisibisi, si vita. Utaratibu ni huu: kofia ya mdomo kwanza, kisha bangili ya kati, kisha kinga ya triga na skrubu zake, ubao wa mbele ushuke taratibu, ndipo uguse kitako.

---

KaleNiDhahabu

FundiMitutu kamaliza upande wa chuma. Mimi naongeza alama na karatasi.

Alama kwanza. Ukiona herufi DP kwenye risiva, mtutu au bolti, ni bunduki ya gwaride. Iliondolewa kwenye matumizi, mara nyingine chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) imetobolewa. Haipigwi, hata ikionekana mpya. ZF vilevile, maana yake fundi wa jeshi aliikataa. FTR na mwaka pembeni ni kinyume chake: ilirudi kiwandani ikafanyiwa ukarabati kamili, mara nyingi ikapakwa rangi nyeusi juu. Mkusanyaji wa namba asilia hazipendi hizo, ila mpigaji anazipenda.

Kwa SMLE za kutoka upande wa India na Pakistani kuna jambo la ziada. Mpakani Pakistani na Afghanistan, hasa Darra Adam Khel, mafundi wametengeneza nakala za Lee-Enfield kwa mkono kwa zaidi ya karne. Nyingine nzuri kwa macho, ila chuma chake hakijulikani kilikotoka. Zinajitambulisha kwa maandishi: herufi N imeandikwa kinyume, namba hazilingani ukubwa, au kuna taji lenye VR kwenye bunduki ya SMLE. VR ni alama ya Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901, na SMLE ya kwanza ilikuja baada ya hapo. VR kwenye SMLE basi ni ushahidi tosha, ya kutundika ukutani hiyo. Ishapore halisi ya 1943 itakuwa na GRI chini ya taji, na jina Ishapore.

Ukikuta ubao umezungushiwa waya wa shaba, hiyo ilikuwa ya kurushia mabomu ya mkono. Imeteswa. Ipite.

Tena: Ishapore 2A na 2A1 za miaka ya 1960 zinafanana sana na SMLE lakini ni 7.62x51, si .303. Magazini yake ina pembe kali zaidi chini. Kila mwaka kuna mtu ananunua risasi zisizo zake.

Karatasi: mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua, unajaza fomu 4473 dukani na kuandika namba yako ya uhamiaji. Walio na viza za muda, ya masomo, ya kazi au ya kutembea, kwa kawaida hawaruhusiwi hata kushika bunduki isipokuwa wana msamaha fulani kisheria, kwa mfano leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Ndugu yako wa viza ya masomo (F-1) akija kukutembelea, usimpe bunduki uwanjani hadi ujue yuko upande gani. Ukiona hobi imekukolea kuna leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, dola 30 kwa miaka 3, kuanzia umri wa miaka 21. Inakuwezesha kupokea nyumbani bunduki za zamani zenye zaidi ya miaka 50 zilizobaki na umbo lake asilia, na unatakiwa kutunza daftari la kila inayoingia na kutoka. Sheria za jimbo ni juu yake, soma za kwako.

Na kwa kuwa tunafahamiana: usije ukafikiria kuitia kwenye kontena pamoja na gari na magodoro ya nyumbani. Bila kibali cha Marekani cha kuitoa na kibali cha nchi inayoipokea, hilo ni kosa la jinai pande zote mbili za bahari.

---

DadaWaBisley

Habari zenu. Mimi niko Uingereza, huku utaratibu wa cheti ni mwingine kabisa, lakini .303 ni .303. Nizungumzie risasi na usafi, kwa sababu hapo ndipo bunduki nyingi nzuri zinapouawa.

Mwenge, kabla ya kununua hizo 300 soma kitako cha ganda. VII au 7 bila herufi nyingine ni Mark 7 ya cordite: kichwa cha risasi chenye uzito wa greni 174, mwendo wa futi 2,440 kwa sekunde. Ikifuatiwa na Z, baruti ni ya nitroselulosi badala ya cordite. HXP na mwaka wa miaka ya 1970 au 1980 ni za Ugiriki, fataki zake hazina chumvi na maganda yanaweza kujazwa tena. Ukikuta HXP nunua zote. Nyingine zote za jeshi zichukulie kuwa zina chumvi, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Chumvi yenyewe ni nini? Fataki za zamani zilitumia potasiamu kloreti. Ikilipuka inabaki potasiamu kloridi, ambayo ni ndugu wa chumvi ya mezani. Inakaa ndani ya mtutu, inavuta unyevu hewani, na kutu inaanza. Kwenye joto la unyevunyevu la kiangazi huko kwenu unaweza kuona wekundu kesho yake asubuhi. Mafuta hayaiyeyushi. Unaweza kuzamisha mtutu kwenye mafuta bora kuliko yote duniani na chini ya mafuta kutu ikaendelea kula. Chumvi inaondolewa na maji. Basi.

Ninavyoshauri ufanye, siku hiyohiyo:

Toa bolti na magazini. Simamisha bunduki mdomo ukiwa chini ndani ya beseni. Ingiza faneli yenye mpira mrefu hadi ndani ya chemba, ili maji yasimwagike kwenye mbao. Mimina maji yaliyochemka, lita moja inatosha, kidogo kidogo. Maji yakiwa ya moto kweli mtutu unapata joto na kujikausha wenyewe, na ndiyo faida yake kuliko ya baridi. Shika kwa kitambaa, mtutu utaunguza. Pitisha vitambaa vikavu viwili au vitatu. Uso wa bolti, ndoano ya kutolea ganda na ncha ya pini vifute kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, kausha. Hapo ndipo uende kwenye dawa ya kuondoa kaboni na shaba, brashi ya shaba mara kumi, vitambaa hadi vitoke safi, mwisho mafuta mepesi.

Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia maji. Kikitoka safi siku mbili mfululizo, weka bunduki.

Safisha ukitokea upande wa chemba kila inapowezekana. Lee-Enfield inaruhusu hilo, bolti inatoka nyuma moja kwa moja.

Kwa upigaji wa kila mwezi, nunua risasi mpya za kiwandani zenye kichwa cha greni 174 au 180. Mitutu hii ni mipana ndani kuliko .308, mifereji yake inafika inchi 0.312 na zaidi, mingine hadi 0.316. Kichwa cha .308 kitapita kikiyumba. Kinachotakiwa ni 0.311 au 0.312, na kwenye mtutu uliochakaa chenye kitako bapa kinashika michirizi vizuri kuliko chenye kitako kilichochongwa kwa nyuma.

---

Baruti_Kavu

Nakubaliana na Dada kwa sehemu kubwa, ila niwahi kabla hajaja mtu wa kusema "nyunyiza dawa ya vioo yenye amonia". Amonia haiui chumvi. Chumvi haina cha kuuliwa, inayeyuka tu, na kinachoiyeyusha ndani ya ile chupa ya dawa ya vioo ni maji. Unalipia rangi ya bluu. Faida moja ya ile chupa ni kuwa unaweza kupuliza palepale uwanjani kabla ya safari ya nyumbani, ukamaliza kazi kwa maji ya moto baadaye. Chupa ya maji ya kawaida inafanya hivyohivyo.

Hatari nyingine ya hizo 300 ni kuchelewa kulipuka. Unavuta triga, unasikia "tak", kimya, halafu "pa!". Fataki imezeeka au baruti imepata unyevu. Shehena nyingi za .303 za Pakistani zenye alama POF zina sifa hiyo. Ukisikia "tak" bila mlio, kaa hivyohivyo, mtutu ukielekea shabaha, bolti imefungwa, hesabu angalau sekunde 30. Wengine wanangoja dakika nzima na siwalaumu. Risasi ikilipuka bolti ikiwa wazi, ganda linapasukia usoni pako.

Mlio ukitoka mdogo kuliko kawaida, simama. Usipige nyingine. Toa bolti, angalia mwanga ndani ya mtutu. Kichwa kikibaki ndani na ukapiga kingine juu yake, mtutu unavimba au unapasuka.

Risasi za zamani zimesumbua watu muda mrefu. Mwaka 1915 meli ya Wajerumani iliyopenya mzingiro wa Waingereza iliishia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikizama. Risasi zake ziliopolewa, lakini maji ya bahari yalikuwa yameshaingia. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilizifungua moja moja, likakausha baruti, likazifunga tena, na bado sehemu ikawa inagoma kulipuka, zile mbovu zikaachiwa mazoezi. Wao hawakuwa na duka. Wewe unalo.

Kama muuzaji anakubali, nunua 10, zipige. Kumi zote zikilia mara moja, rudi kwa nyingine. Mbili zikichelewa, umejiokoa.

---

Mwenge_Ohio

Shukrani sana wakuu. Nimerudi dukani na geji za kuazima. Matokeo ya Long Branch:

Pengo la reli lina kona kali, kichwa hakiruki. Bolti inafunga kwenye 0.064. Inafunga pia kwenye 0.067. Haifungi kwenye 0.074. Michirizi ni mitano, kingo kali, risasi bandia mdomoni inabakiza nafasi. Hakuna DP wala ZF. Mtutu na ubao vinatengana kwa kukaza na kurudi.

Jamaa mmoja dukani akasema ikifunga kwenye 0.067 basi si salama. Ni kweli? Na nikipiga maganda yatapasuka?

---

FundiMitutu

Inunue.

Jamaa wa dukani anatumia kipimo cha Wamarekani cha bunduki mpya za kiraia, ambapo 0.067 ndiyo ya "isifunge". Jeshi la Uingereza liliruhusu hadi 0.074. Bunduki yako iko kati ya 0.067 na 0.074, ina uhai. Ukitaka kujua iko wapi hasa, kata vipande vidogo vya karatasi ya bati jembamba uliyoipima kwa kalipa, weka nyuma ya geji ya 0.067, ongeza hadi bolti igome. Ondoa pini na kucha ya kutolea ganda kwanza, zisikupotoshe.

Lakini elewa kipimo hiki kinapima nini. Ganda la .303 lina ukingo kwenye kitako, na ukingo ndio unaolizuia lisizame. Geji inapima nafasi ya ukingo peke yake. Mabega ya chemba, kule mbele, jeshi liliyachimba kwa upana makusudi ili risasi yenye matope na mchanga iingie. Kwa hiyo hata bunduki yenye 0.064 kamili inalinyoosha ganda likipigwa mara ya kwanza. Ongeza na hili: ukingo wa maganda mengi ya leo ni mwembamba kuliko inchi 0.064, ganda linaanza likiwa na nafasi ya kukimbia mbele.

Ukipiga risasi za kiwandani na kutupa maganda, hakuna tatizo. Ukijaza upya, hapo ndipo yanakatika. Dalili ni mstari unaong'aa ukizunguka ganda, karibu sentimita moja juu ya ukingo. Nyoosha klipu ya karatasi, pinda ncha yake kidogo, ingiza ndani ya ganda na uivute ukipapasa ukuta. Ikinasa kwenye kibonde, ganda hilo limekwisha. Likikatika ndani ya chemba utabaki na silinda ya shaba huko ndani na risasi inayofuata haitaingia, kwa hiyo nunua mapema kifaa cha kutolea ganda lililokatika cha .303, ni kidogo kama kidole.

Kuyapa maganda umri mrefu:

- Mara ya kwanza valisha ganda kipete chembamba cha mpira mbele ya ukingo. Kinalisukuma nyuma likae kwenye uso wa bolti, linapanuka kwenda mbele badala ya kunyooka karibu na kitako.
- Baada ya hapo bana shingo peke yake, usirudishe ganda zima kwenye umbo la kiwandani. Limeshakuwa saizi ya chemba yako.
- Yasichanganywe na ya bunduki nyingine.

Kipimo cha baruti fuata kitabu cha mtengenezaji wa hiyo baruti, anzia chini. Bolti ya Lee-Enfield inafungia nyuma, inanepa kidogo kila ukipiga, kwa hiyo si bunduki ya kutafutia mwendo wa juu.

---

KaleNiDhahabu

Hongera. Sasa usipige msasa mbao. Najua utatamani. Mihuri midogo kwenye kitako na ubao ndiyo historia uliyoilipia, msasa ukipita mara moja imeondoka na thamani imeondoka nayo. Kama ina grisi ya ghala, ivue mbao, chuma kioshe kwa spiriti nyeupe, mbao ifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uiache juani mchana mmoja, grisi itatoka yenyewe, futa, rudia. Usitie kwenye oveni. Kisha mafuta ya kitani mabichi, ya kupaka kwa kiganja hadi kiganja kipate moto, tabaka jembamba, siku mbili, jingine. Ukipaka nene yanabaki kunata wiki nzima.

Kwa wanaosoma huu uzi na wanataka bunduki isiyo na kero ya chumvi kabisa, angalieni K31 ya Uswisi. Risasi zake za jeshi, GP11, hazina fataki za chumvi, na chini ya bamba la kitako mara nyingi utakuta kikaratasi chenye jina la askari aliyepewa.

---

DadaWaBisley

Hongera Mwenge. La mwisho kutoka kwangu, vilengeo, kwa sababu utaenda uwanjani na kukuta inapiga juu, uje hapa kulalamika.

Kama kilengeo chako cha nyuma ni kile cha kupinda mara mbili, tundu moja ni la yadi 300 na lingine la 600. Kama ni cha ngazi, kinaanzia yadi 200. Kwa hiyo kwenye yadi 100 kupiga juu ni kawaida, bunduki haina kosa. Usiguse cha nyuma. Badilisha blade ya mbele.

Blade za No. 4 zilitengenezwa kwa urefu tofauti, zinapishana inchi 0.015, na namba imegongwa kwenye blade yenyewe. Hatua moja inasogeza risasi karibu sentimita 5 kwenye yadi 100. Ikipiga juu, weka blade ndefu zaidi. Watu wengi wanafanya kinyume. Kabla ya kuagiza, piga makundi matatu ya risasi tano tano ukiwa umeegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, mkono chini ya ubao, si mtutu juu ya mfuko. Mtutu ukigusa kitu kigumu kundi linahama na utanunua blade isiyo sahihi. Pima kwa sentimita kutoka katikati ya kundi hadi ulipolenga, gawanya kwa 5, hiyo ndiyo idadi ya hatua. Kulia na kushoto unasukuma blade kwenye reli yake kwa kifaa cha skrubu, legeza kwanza skrubu ndogo ya mbele kama ipo. Usigonge kwa nyundo.

Ukijaza magazini panga kingo: kila risasi ya juu, ukingo wake uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukingo ukikaa nyuma, zinanasana na bolti haisukumi kitu. Ukitumia klipu za tano tano zikague kabla hujasukuma, na ondoa klipu kwa kidole mwenyewe, usiiachie bolti ikutupie.

Miwani na vizuia sauti masikioni, hata ukipiga moja tu.